Betri ya Kaya Tano

Kila mtu katika kaya tano aliijua kanuni ile. Betri haipelekwi mjini kuchajiwa mpaka izime yenyewe. Atakayeipeleka ingali na nguvu atalipa kuku mmoja, na kuku huyo ataliwa na kaya zote.

Kanuni hiyo ilitungwa na Mzee Abdulkarimu. Yeye alikuwa mkubwa wa kaya tano zilizoishi pamoja katika kitongoji kimoja cha Kiegei, wilaya ya Nachingwea. Hakuitunga kwa ubahili. Fundi wa mjini alitoza bei moja, betri iwe tupu au iwe nusu, na fedha ya kuchajia ilitoka katika mfuko wa wote. Mzee aliona si haki mtu kuirudisha betri mjini na nusu ya nguvu ndani yake.

"Hakuna mwanamke anayekwenda kisimani na ndoo yenye maji nusu," alisema.

Watu waliona kwamba amesema kweli, wakakubali.

Betri yenyewe ilikuwa ya gari, kubwa na nzito. Kaya tano ziliinunua Ruangwa mwezi wa Novemba, mwaka 2000, baada ya kuuza korosho. Siku ile ile, katika duka lile lile, watu wa ng'ambo ya kijito nao walinunua ya kwao. Kwa kaya tano hii ilikuwa betri ya pili. Ya kwanza ilikufa kabla ya kutimiza mwaka, na hakuna aliyejua sababu.

Kila kaya ilikaa na betri kwa zamu, mpaka izime. Kisha kaya hiyo iliipeleka Nachingwea kuchajiwa, na kuikabidhi kwa kaya iliyofuata. Wanaume waliipenda kwa sababu ya redio. Walisikiliza taarifa ya habari na mpira.

Moza, mke wa Saadi, hakujali sana redio. Yeye aliitaka taa. Kila jioni, baada ya sala ya magharibi, watu wazima kumi walikaa chini ya taa ile moja ya tyubu wakajifunza kusoma. Mwalimu wao alikuwa Getruda, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alifundisha bila malipo. Darasa lilihama pamoja na betri, kutoka nyumba hadi nyumba. Hapo awali Mwalimu Getruda alijaribu kufundisha kwa vibatari. Moshi uliwaumiza watu macho, na waliokaa nyuma hawakuliona ubao. Mchana haukufaa, kwa kuwa mchana ni wa shamba.

Moza alikuwa na sababu yake ya kujifunza. Binti yake, Sikudhani, aliolewa Ruangwa. Barua yake ya kwanza ilisomwa na Kaimu, jirani mwenye duka dogo. Kaimu aliisoma kwa sauti kubwa, mbele ya wateja.

"Mama, mkwe wangu ananisema kila siku kwamba sijui kupika," Kaimu alisoma. Kisha akacheka. "Shemeji Moza! Ugali wa binti yako umeungua, Ruangwa yote inanusa moshi! Ndiyo mapishi ya Wamwera hayo?"

Kaimu alikuwa Mmakonde, na utani wao na Wamwera ulikuwa wa siku nyingi. Wateja wakacheka. Moza aliichukua barua yake, akaikunja, akaenda zake. Kesho yake alimwomba Mwalimu Getruda nafasi darasani.

Kufikia mwezi wa Juni, Moza alisoma tarakimu zote na maneno mafupi. Barua nzima ilikuwa bado inamshinda. Lakini alikuwa na hofu. Betri ilipokuwa mpya iliwasha taa jioni kumi. Sasa iliwasha jioni sita tu. Na Mzee Abdulkarimu alikuwa amekwisha kutamka mbele ya wote: "Betri hii ikifa, hatununui ya tatu. Korosho zetu si za kutupa."

Moza alielewa maana yake. Bila betri hakuna taa, na bila taa hakuna darasa. Barua za binti yake zingerudi dukani kwa Kaimu.

Mwezi ule zamu ya betri ilikuwa ya Kaimu. Mwanawe alitoka jando, na kukawa na karamu. Redio kubwa ya kaseti ilipigwa siku tatu mfululizo. Siku ya tatu betri ilizima. Kaimu aliibeba, akaiweka juani, juu ya kichanja cha vyombo. Ikakaa pale siku nane.

Moza alimwendea. "Shemeji Kaimu, betri utaipeleka mjini lini?"

"Tulia, mama Sikudhani. Huoni inaota jua?"

"Naona. Nauliza itakwenda lini."

"Mawe ya redio yangu yakiisha nguvu nayaanika, nayo yananipigia siku nyingine tatu. Hili si jiwe? Hili ndilo babu wa mawe yote. Jua litaliamsha."

Watu wote wa kitongoji walifanya hivyo kwa betri kavu za redio, ambazo wao huziita mawe. Waliyatumia mpaka mwisho, wakayaanika juani, wakayatumia tena, kisha wakayatupa. Kwa hiyo hakuna aliyemlaumu Kaimu.

Siku ya nane, jioni, Kaimu aliziunga nyaya. Taa ikawaka, nyeupe kabisa. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Sikuwaambia?" Kaimu alisema, akajipiga kifua. "Fundi wa mjini atakula wapi sasa?"

Mwalimu Getruda akaanza kuandika ubaoni. Hakumaliza mstari wa pili. Taa ilififia, ikawaka kwenye ncha zake mbili tu, kisha ikazima. Watu wakarudi nyumbani wakipapasa njia.

Asubuhi yake Saadi alikuwa na safari ya Nachingwea, kuuza ufuta. Moza alimwambia, "Baba Sikudhani, tuichukue na betri. Nami nitakwenda. Nataka nimwulize fundi mwenyewe kwa nini inachoka."

"Kuuliza si kosa," Saadi alijibu. "Twende."

Fundi wa betri mjini aliitwa Fortunatus. Alikuwa mtu wa Nanganga. Alijifunza ufundi katika karakana ya misheni tangu ujana wake, na hakupenda maneno mengi. Aliwaitikia salamu, akafungua vifuniko sita vya betri, akachungulia. Kisha akauliza:

"Ilizima lini?"

"Leo siku ya tisa," Saadi alisema.

Fundi Fortunatus akaweka chini kitambaa chake. "Siku tisa imekaa tupu? Mlikuwa mnaifanya nini?"

"Tuliianika."

"Mliianika. Kama muhogo?"

"Kama mawe ya redio, fundi."

Fortunatus hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na betri nyingine, kuukuu, iliyopasuliwa ubavuni. "Tazameni. Msiguse, tindikali itawachoma. Hii iliuawa na wenyewe, kama ninyi mnavyoiua ya kwenu."

Ndani mlikuwa na mabamba membamba ya madini ya risasi, yamepangwa kama kurasa za kitabu. Yalifunikwa na ukoko mweupe, mgumu.

"Weupe huu umetoka wapi?" Moza aliuliza.

"Swali jema, mama. Betri ya gari ina vitu viwili: mabamba haya, na maji makali yanayoitwa tindikali. Mkiwasha taa, tindikali huingia katika mabamba kidogo kidogo. Mabamba huvaa unga mweupe, laini. Na maji yanayobaki hupungua ukali. Kazi hiyo ndiyo inayotoa umeme."

"Kumbe nguvu haitoki kama mafuta yanavyotoka kwenye chupa?" Saadi alisema.

"Haitoki hivyo. Vitu vilivyomo vinabadilika. Nikichaji, umeme wangu unauondoa ule unga, na tindikali inarudi majini. Betri inakuwa kama ilivyokuwa. Lakini unga ule unarudi kwa urahisi ungali mchanga, ungali laini." Akamgeukia Moza. "Mama, sufuria ya ugali ukiiosha mara tu baada ya kula, inakusumbua?"

"Hainisumbui."

"Na ukiiacha siku tisa?"

"Mungu aepushe! Hapo nitakwangua kwa jiwe, na sufuria yenyewe itapata makovu."

"Ndivyo. Betri iliyoachwa tupu, unga wake hugandamana ukawa ukoko. Ukoko huo mashine yangu haiutoi wote. Sehemu ya bamba iliyofunikwa haifanyi kazi tena. Leo inakufa sehemu hii, mwezi ujao sehemu ile. Ndiyo maana jioni kumi zimekuwa sita."

Saadi alikuna kichwa. "Lakini fundi, jana ilipotoka juani iliwaka. Mimi mwenyewe niliona. Kama si jua, ni nini kilichoiamsha?"

"Huko kwenu Kiegei mna visima vya kuchimba?"

"Tunavyo."

"Mwezi wa Oktoba, ukichota haraka haraka unafika kwenye tope. Ukikiacha kisima mpaka kesho, unakuta nini?"

"Maji kidogo. Yamejikusanya."

"Je, mvua ilinyesha?"

"La. Yametoka pembeni tu."

"Basi. Redio yenu kubwa ilichota haraka. Tindikali iliyo karibu na mabamba iliisha. Betri ilipopumzika, tindikali kidogo iliyosalia pembeni ikasogea mpaka kwenye mabamba. Mkapata mwanga wa dakika chache. Mngeiweka uvunguni mwa kitanda ingefanya vile vile. Jua halikuongeza kitu. Jua kali huiharibu tu. Mawe ya redio ni ya kutumia na kutupa, kwa hiyo mtu ayafanye atakavyo. Hii si ya kutupa. Ina mwiko wake."

Moza akauliza. "Fundi, taa yetu huwa nyeupe hata jioni ya mwisho. Tungejuaje kwamba betri imechoka?"

Kwa mara ya kwanza Fortunatus alitabasamu. "Hapo ndipo inapowadanganya watu wengi, hata wenye magari. Msukumo wake wa umeme hushuka polepole sana, jicho lisione. Kisha karibu na mwisho huporomoka ghafla. Mtu anayengoja taa ififie amekwisha kuchelewa. Usiitazame taa. Yapime maji yake."

Akatoa kifaa cha kioo, chembamba, chenye mpira wa kufyonzea juu. Ndani yake mlikuwa na chelezo kidogo chenye tarakimu na rangi tatu: kijani, nyeupe na nyekundu. Alifyonza maji ya betri nyingine, iliyokwisha kuchajiwa. Chelezo kikaelea juu.

"Tindikali kali ni nzito, chelezo huelea juu. Ikipungua ukali huwa nyepesi, chelezo huzama. Unaweza kusoma?"

"Tarakimu naweza," Moza alisema. Akainama. "Elfu moja, mia mbili na hamsini."

Saadi akamtazama mkewe. Hakuwahi kumsikia akisoma mbele ya mtu wa mjini.

"Vema. Hiyo imejaa. Ikisoma elfu moja mia moja na tisini, imebaki nusu au zaidi kidogo. Hapo zima taa, ilete ichajiwe, usingoje. Usiiache iingie kwenye nyekundu. Na ikitokea imezima, iletwe siku ile ile au kesho yake. Betri isiyoshushwa chini ya nusu huishi miaka. Inayomalizwa kila mara huishi miezi."

"Na hii yetu itapona?"

"Itapata nafuu. Sitakudanganya, ukoko mwingine hautoki, kwa hiyo hata ikijaa haitafika elfu moja mia mbili na hamsini. Lakini haitazidi kuugua, mkiitunza." Akamkabidhi Moza kifaa kile. "Kichukue. Utakirudisha siku mtakaponunua cha kwenu. Chukua tahadhari. Tindikali ikikudondokea, osha kwa maji mengi papo hapo. Maji yakipungua ndani, ongeza maji maalumu ya betri yasiyo na chumvi, si ya kisima, wala usiongeze tindikali. Wala usisogeze moto karibu na betri inayochajiwa."

Moza alikipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, fundi. Mungu akuzidishie."

Walilala kwa ndugu yao mjini, na kesho yake wakarudi Kiegei na betri iliyochajiwa. Saadi na Moza walikwenda moja kwa moja kwa Mzee Abdulkarimu, wakamweleza yote. Kaimu naye alikuwapo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Fundi anakula kwa kuchaji," alisema. "Akisema mlete kila baada ya siku tatu, mtapeleka? Mfuko wetu utatoboka. Kanuni inabaki."

"Mzee, tulinunua betri mbili," Moza alisema kwa adabu. "Safari nyingi za kuchaji hazifiki bei ya betri ya tatu."

"Huo ni usemi wa fundi. Uthibitisho uko wapi?"

Moza hakuwa na uthibitisho. Yeye na Saadi wakaibeba betri kwenda nyumbani.

Zamu yake ilianza siku ile. Kila jioni, kabla ya darasa, alipima maji na kuandika tarakimu katika daftari lake. Baada ya chaji chelezo kilisoma 1230, kama fundi alivyomtahadharisha, kwa sababu ya ukoko uliobaki. Jioni ya pili kilisoma 1220. Asubuhi baada ya jioni ya nne kilisoma 1190. Taa ilikuwa bado inang'aa.

"Baba Sikudhani," alisema, "imefika."

Saadi alikuwa anafunga kamba ya baiskeli. "Imefika wapi? Jana taa ilikuwa kama mbalamwezi. Ina jioni mbili nyingine, na kanuni unaijua."

"Naijua. Jioni hizo mbili ndizo zinazotuulia betri."

"Utalipa kuku."

"Nitalipa."

"Watasema mke wa Saadi ana kichwa kigumu."

"Watasema kweli. Hiyo si aibu yako, ni kichwa changu."

Saadi alicheka, akainama, akaikamata betri upande mmoja. "Shika huko. Usiiinamishe, tindikali itatumwagikia. Lori la mbao linapita saa mbili."

Moza alikwenda nayo mwenyewe. Aliporudi siku ya pili, betri imejaa, kaya zote tano zilikuwa zinamngoja nyumbani kwa Mzee Abdulkarimu. Kaimu ndiye aliyeanza.

"Karibu, mama fundi! Umetuletea mwanga wetu au umeuuza njiani?"

"Nyamaza, Kaimu," Mzee alisema. "Moza, betri ilikuwa imezima?"

"La, mzee. Ilikuwa na nguvu."

"Kanuni uliijua?"

"Niliijua. Nimeivunja kwa hiari yangu. Mume wangu hana kosa. Nitalipa kuku."

Watu walitazamia ubishi, na ubishi haukuwapo.

"Ila nina jambo moja," Moza aliendelea. "Kuku wangu ni mmoja tu, naye anaatamia."

Mzee Abdulkarimu alishika ndevu zake. Kuku anayeatamia hachinjwi, na mwenye vifaranga vichanga hachinjwi. Hilo nalo kila mtu alilijua.

"Basi utalipa atakapoachisha vifaranga vyake," Mzee alitoa hukumu. "Na nakupa muda huo huo ulete uthibitisho wako. Tangu leo betri itakwenda kwa kipimo chako, katika zamu zote. Siku ya kuku tutaipima nguvu yake. Ikiwa imechoka zaidi ya leo, utalipa kuku wawili."

"Na ikiwa haikuchoka?" Saadi aliuliza.

"Atalipa mmoja. Kanuni aliivunja."

Moza aliinamisha kichwa. "Nimekubali, mzee. Nakushukuru kwa kunipa muda."

Kwa miezi mitatu Moza alizunguka katika nyumba zote na kifaa chake na daftari. Haikuwa kazi nyepesi. Nyumbani kwa Kaimu alisimamishwa mlangoni.

"Umekuja kuipima tena?" Kaimu alisema. "Hata kliniki haimpimi mtoto hivi. Je, imeongezeka uzito?"

"Imepungua, shemeji. 1190. Zima redio."

"Mpira umebaki dakika kumi!"

"Nitakaa hapa dakika kumi. Kisha utazifungua nyaya za betri."

Kaimu aliguna, lakini dakika kumi zilipokwisha aliifungua betri. Asubuhi aliifunga kwenye baiskeli yake, akaipeleka mjini. Hakuianika tena.

Mwezi wa Agosti watu wa ng'ambo ya kijito walikuja kuazima taa kwa ajili ya msiba. Betri yao ilikuwa imekufa. Walikuwa wakiitumia mpaka izime, na safari ya mwisho waliianika siku kumi na mbili. Walipoipeleka Nachingwea, Fundi Fortunatus alikataa kupokea fedha yao. Aliwaambia kwamba amejaribu kuichaji siku mbili na haikupokea kitu.

Habari hiyo ilifika kwa Mzee Abdulkarimu. Betri zile mbili zilitoka katika duka moja, siku moja. Jioni ile Mzee alikuja darasani, akakaa nyuma, akamtazama Moza akisoma chelezo.

Mwezi wa Septemba ilifika barua kutoka Ruangwa. Kaimu aliipokea dukani. Aliiinua mbele ya macho yake, akaona jina, akamwita Moza aliyekuwa anapita.

"Shemeji, ya kwako. Nikusomee?"

"Ahsante, shemeji. Nitasoma mwenyewe."

Aliisoma nyumbani, polepole, kidole kikifuata mstari. Maneno mawili yalimshinda, nayo alimwuliza Mwalimu Getruda bila kumwonyesha barua. Aliyoandika Sikudhani yalibaki kati ya mama na baba yake. Usiku huo Moza alimshukuru Mungu, na katika dua yake alimtaja Fundi Fortunatus na Mwalimu Getruda kwa majina.

Mwanzoni mwa Oktoba vifaranga viliachishwa. Hakuna aliyemkumbusha Moza. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, alimfunga kuku wake miguu, akaenda naye kwa Mzee Abdulkarimu. Kaya zote tano zilikusanyika, na Mwalimu Getruda alikuwapo. Betri iliwekwa katikati, imetoka mjini jana yake.

"Pima," Mzee alisema.

Moza alifyonza maji, akainua kioo juu ili wote waone. "1230."

"Siku ile ya kwanza ilikuwa ngapi? Soma daftari lako."

Moza alifungua ukurasa. "Mwezi wa Juni, baada ya chaji, 1230. Jioni nne mpaka 1190. Mwezi wa Julai, 1230, jioni nne. Mwezi wa Agosti, 1230, jioni nne. Mwezi wa Septemba, vivyo hivyo."

"Haikuchoka," Mzee alisema.

"Haikuchoka, mzee."

Moza akasogea mbele, akamtoa kuku. "Nilivunja kanuni. Hii ni faini yangu."

Mzee Abdulkarimu alimpokea kuku kwa mikono miwili. "Nimepokea. Faini yako imekwisha. Nami nakushukuru mbele ya watu hawa, kwa kuwa ulivunja kanuni bila kuificha, na umelipa bila kusukumwa." Akawageukia wengine. "Kanuni ya kwanza imekufa leo. Hii ndiyo mpya. Kipimo kikifika 1190, taa na redio vizimwe, na asubuhi betri iende mjini. Atakayeiacha iingie kwenye nyekundu, au atakayeianika, atalipa kuku."

Kaimu alikohoa. Watu wakamtazama, wakacheka.

"Sijamaliza," Mzee alisema, na kicheko kikakoma. "Betri ya kwanza iliuawa na kanuni yangu. Hii ya pili ilijeruhiwa na kanuni yangu. Aliyeivunja amelipa kuku. Aliyeitunga alipe nini?"

Haikuwa kawaida ya watu kumhukumu mkubwa wao.

"Beberu!" Kaimu akasema.

Watu wakaangua kicheko, na Mzee naye akacheka. "Sina beberu, Mmakonde wewe. Nina jogoo." Akaingia uani mwenyewe, bila kumtuma mtu. Wote wakasikia purukushani ya mbawa. Akatoka na jogoo mwekundu, akamkabidhi Saadi pamoja na yule kuku wa Moza. "Wachinje wote wawili. Na wewe, Kaimu, uliyewafundisha watu kuanika betri, nenda dukani kwako ulete mchele."

"Kilo ngapi, mzee?"

"Hesabu watu."

Kaimu alihesabu watu, akaleta mchele wa kutosha, na chumvi juu yake. Saadi alichinja, wanawake wakapika, na kaya tano zikala pamoja na mwalimu wao. Mzee Abdulkarimu alipakua kwa mkono wake. Sahani ya kwanza, yenye paja la jogoo wake mwenyewe, alimpa Moza.